Mahameli ya Nhài

Kijiji cha Đông Cầu,
Mkoa wa Nam Định.
16 Oktoba 2011.

Mpendwa mdogo wangu Mận,

Barua hii inatoka kwa mwanamume aliyeimaliza mitaa yote thelathini na sita ya Hanoi kwa asubuhi moja, bila kumuuliza mtu njia na bila kuibiwa hata kifungo.

Hujambo lakini? Mumeo Toàn je, kifua kimetulia au bado anakohoa kama pampu ya maji? Na huko Cần Thơ mvua zimepungua? Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto limenuna, la kulia linafanya kazi ya wawili. Meno yamebaki sita, na hayajuani.

Sasa niseme kweli, maana hukunijua leo. Mitaa niliyopita haifiki saba, njia niliuliza hadi wauza chai wakanichoka, na mwavuli wangu uliibwa nikiwa nimeuegemea.

Kilichonipeleka ni hiki. Mjukuu wetu Thắm anaolewa tarehe nane mwezi ujao. Wifi yako Nhài akafungua sanduku atoe ile mahameli nyeusi aliyozungushia nywele siku tuliyooana. Hakuiona. Aliikuta kwenye kapu la jogoo wangu wa kupigana, maana baridi ya mwaka jana ilikuwa kali na jogoo yule hana nyama. Nikamwambia nilidhani ni tambara. Hapo ndipo nilipoharibu kabisa.

"Wanawake wa upande wa bwana harusi watakuja na mahameli zao," akasema. "Mimi nikae mbele yao na kichwa kitupu kama yai? Nendeni harusini. Nitabaki na jogoo wako."

Mận, hakuwa anatania. Siku nne nzima alizungumza nami kupitia paka. "Mwambie babu yako wali uko mezani." Siku ya tano nikapanda basi la alfajiri.

Nilifika soko la Đồng Xuân kina mama wakifunua meza zao. Nikafanya kama alivyotufundisha baba: nikapapasa kitambaa cha mama mmoja, nikakunja uso, nikauliza bei, nikataja theluthi yake, kisha nikaondoka polepole ili niitwe. Sikuitwa. Nikasikia harufu ya moshi. Kumbe hakuna mteja aliyenitangulia! Mimi ndiye niliyekuwa wa kumfungulia biashara, nami nimebishana na kuondoka mikono mitupu. Nilipogeuka, yule mama alikuwa amewasha gazeti, analipunga juu ya vitambaa vyake na pale niliposimama.

"Kisirani, toka! Babu mzima hajui kufungulia watu biashara?"

"Dada, usinichome, mimi si samaki!"

"Ungekuwa samaki ningekuuza!"

Soko zima likacheka. Nikaapa sitakuwa wa kwanza popote siku ile. Nikashuka mtaa wa Hàng Mã, kule wanakouza nyumba na magari ya karatasi ya kuwachomea marehemu. Mwenye duka mmoja akanitazama kuanzia nywele hadi viatu. "Unamnunulia nani, babu, au unajiwekea akiba?" Nikapita Lãn Ông kwenye maduka ya dawa za mizizi, nikapiga chafya mpaka nikakosa njia, nikatokea Hàng Thiếc. Huko nyundo za mabati ziligonga hadi nikasahau nimefuata nini.

Mahameli niliiona Hàng Đào. Duka dogo, suruali za vijana zimening'inia hadi mlangoni, na nyuma yake kabati la vioo lenye kipande kimoja cheusi kinachong'aa kama mgongo wa nyati aliyetoka kuoga. Mwenye duka ni mama wa umri wangu. Nikasimama ng'ambo ya barabara kwenye manyunyu, nangoja mtu mwingine anunue kwanza. Hakuna aliyeingia.

"We mzee, mbona umesimama kama mtu wa kodi? Ingia!"

"Umeshauza leo?"

"Bado."

"Basi siingii. Nimeshafukizwa asubuhi, nguo zinanuka magazeti."

"Ulimfanyia nani nini?"

Nikamweleza yote palepale barabarani, pikipiki zinanipitia mbele na nyuma. Nilipofika kwenye jogoo, mama akashika kabati kwa kicheko.

"Na huyo jogoo alishinda?"

"Alipigwa mara zote mbili."

"Na mahameli yote ile?" Akafuta machozi. "Ingia, babu. Kisirani chako chote amekimaliza jogoo. Lakini hiki ndicho kipande cha mwisho, na bei ni moja. Ukianza kunivuta, nami nina gazeti."

Alipotaja bei, ulimi uliniwasha. Lakini nikamwona Nhài amekaa jikoni na paka, akisikiliza ngoma za harusi ya mjukuu wake kwa mbali. Nikalipa. Sikubishana bei. Kwa umri huu, Mận, ni mara yangu ya kwanza.

Nyumbani Nhài aliisugua mahameli shavuni, akauliza nimepunguziwa kiasi gani. Nikasema sikuomba. Akaniwekea kiganja kwenye paji la uso aone kama nina homa.

Nikajua nimeshinda. Kumbe bado. Alikaa mbele ya kioo kuifunga, na ule mkono aliouangukia mwaka jana haupandi zaidi ya sikio. Thắm akajaribu, ikamshukia bibi yake jichoni kama bendeji. Nhài akaikunja, akairudisha sandukuni. Akasema taratibu, "Mận ndiye aliyenifunga siku ile. Ilikaa mpaka kesho yake." Kisha akaenda kulisha nguruwe. Hajasema tena kwamba hataenda harusini, lakini nguo zake bado hajazitoa.

Msalimie sana Toàn, na wanao Hậu na Lụa. Marehemu wazee wetu walioko kwenye madhabahu ya nyumbani wawalinde, na wakukumbushe mema ya kaka yako.

Na mema yenyewe ni haya. Mwaka ule baba aliponikuta na barua ya Toàn mfukoni, nikiipeleka kwako, nilimwambia ni yangu, ya binti wa muuza chumvi. Nilikula fimbo sita, na huyo binti hata jina lake sikulijua. Sijawahi kukudai. Leo nadai. Panda gari hadi Sài Gòn, kisha treni, ufike siku moja kabla ya harusi umfunge wifi yako. Zawadi usilete. Leta mikono.

Wako akupendaye tangu ukiwa na kamasi,
Kaka Khoát