Funga au Punguza

Jumatatu, 5 Machi 1923 – Yokosuka

Leo nimepanda meli mpya. Meli gani hii! Juu haina kitu – sitaha tupu, bapa kama ubao wa kukatia samaki. Eti ndege itue hapo, na meli yenyewe inakwenda! Baharia mmoja akaniambia, "Mkalimani, ndege zikishindwa, tutaanikia dagaa." Wenzake wakacheka. Nikacheka nao, nikiwa mbali na ukingo.

Anayewafundisha marubani wetu wa Kijapani ni Mwingereza, Bwana Harcombe. Anasema, natafsiri. Miaka kumi na tano nimefundisha Kiingereza shuleni, maneno haya sijayaona kitabuni. Nusu ya siku nabahatisha.

Luteni Nishiwaki yumo. Mwanafunzi wangu wa zamani! Kwa Kiingereza alikuwa akishika mkia. Bado ananiita Mwalimu mbele za watu.

Jumatano, 7 Machi

Baridi. Kesho Nishiwaki atakuwa wa kwanza kati ya vijana wetu kutua. Harcombe alimwelekeza, mikono hewani: ukishavuka ukingo wa nyuma, funga mafuta. Kufunga – kabisa, au kupunguza tu? Neno lake la Kiingereza linabeba yote mawili, nadhani. Nilitaka kuuliza, keshahamia jambo lingine. Nikasema "punguza".

Nadhani nilisema "punguza".

Alhamisi, 8 Machi

Ameanguka baharini. Yu hai.

Ijumaa, 9 Machi

Nijaribu kuandika kwa utaratibu. Alikuja vizuri. Magurudumu yakagusa, tukaanza kushangilia – injini ikaendelea kunguruma! Ndege ikaenda upande, ikavuka ukingo, ikapinduka. Mashua ikamtoa. Bega limevunjika.

Harcombe alibwaga kofia chini. "Nilimwambia afunge! Kwa nini hakufunga?" Akanikodolea macho. Nimtafsirie nani? Sikujua.

Leo nimekwenda hospitali na machungwa. Nilitaka kumuuliza: nilikwambia nini? Nikamkuta na mama yake. Mama akaniinamia mara tatu. "Mwalimu, mwanangu ametuaibisha. Tuwie radhi." Nikamenya chungwa, nikalila mwenyewe. La mgonjwa! Hata sijui kwa nini.

Jumatatu, 12 Machi

Uchunguzi, chumbani kwa Kapteni Odagiri. Harcombe kushoto. Nishiwaki wima, mkono umefungwa kitambaa. Wakiona alipuuza amri, hataruhusiwa kurusha ndege tena – na kijana hana jingine analolitaka duniani. Nilikuwa nimejiandaa. Ningesimama niseme: huenda kosa ni langu. Kapteni akaniwahi.

"Luteni, kuhusu mafuta uliambiwa nini?"

"Niliambiwa nifunge kabisa, Bwana Kapteni. Nikasahau."

Hakunitazama.

Ananisitiri? Au kweli nilisema "funga", na hiyo "punguza" imezuliwa na hofu yangu? Au alimsikia Harcombe mwenyewe, kwa Kiingereza kile kile nilichomfundisha? Basi mimi nilikuwa wa nini pale!

Kapteni kaitwa kwenye simu. Tumeachiwa chai. Naandika dirishani, nimewapa mgongo. Harcombe amekuja, ananigusa bega – mara ya pili sasa, maana sijamtafsiria bado.

"Kijana amesema nini?"