Picha Zinazoingia Kutoka Uchindile

Mbingu, 4 Juni 2023

Mwanangu Febronia,

Salamu nyingi zikufikie huko Njombe. Hapa tu wazima, mpunga umeshaingia ndani, magoti tu ndiyo yananisumbua. Baridi ya huko umeizoea?

Nakuandikia meseji maana nikipiga nitalia. Tangu Pasaka mdogo wako Evarist hapatikani. Lakini jana nilifungua ile albamu uliyotutengenezea mtandaoni, ile ambayo picha za simu yake zinajipeleka zenyewe. Zimeingia mpya! Mwanamke anamsuka mtoto wa kike mlangoni, na mbuzi kalala pembeni. Nyuma yao mipaina ileile ya Uchindile. Ameoa kimyakimya huko kwenye kambi yao ya kukata miti. Mtoto atakuwa alikuja na mama yake. Si kitu, mtoto wa mke ni mtoto. Nimekuwa bibi.

Ni mimi mama yako


Njombe, 6 Juni 2023

Mama, shikamoo.

Pole na magoti, uwe unayakanda kwa maji moto. Mimi sijambo, cherehani ndiyo mgonjwa.

Picha nimeziona. Mama, laini yake haipatikani, na yeye mwenyewe hayumo hata kwenye picha moja. Huenda simu iko kwa mtu mwingine. Nataka nishuke na treni kutoka Makambako nikaulize pale kambini.

Mwanao Febronia


Mbingu, 7 Juni 2023

Marahaba mwanangu. Nashukuru, nimekanda, nimepata nafuu.

Anayepiga picha ataonekanaje? Usiende. Kijana aliyeoa bila mahari huona aibu, ukimfuata atakimbia zaidi. Akiwa tayari atakuja. Leo mtoto kavaa sare ya shule, anacheka, meno ya mbele hana. Nimemwonyesha jirani yetu Apolonia, akanirudishia simu akaenda zake. Ana wivu.

Usiende, Febronia.

Mama yako


Njombe, 25 Juni 2023

Mama, shikamoo.

Leo sikuulizi habari za afya. Mwite Apolonia akae karibu yako, ndipo uendelee kusoma.

Nilikwenda. Nisamehe. Nilizunguka na zile picha mpaka nikaonyeshwa ule mlango. Mwanamke anaitwa Agnella. Simu ya Evarist alikuwa ameishika mkononi. “Hii kanipa mume wangu,” akasema. Mumewe, Martin, aliponitazama usoni akakaa chini pale pale. “Wewe ni dada yake,” akasema. Hakuwa anauliza.

Evarist wetu hayupo, Mama. Wiki ile baada ya Pasaka mti uliangukia upande wasioutarajia. Kazi alikuwa ameipata kwa kitambulisho cha kuazima, kwa jina la Deus, kwa hiyo msimamizi akasema ndugu zake hawajulikani. Wenzake wakamzika nyuma ya kambi, kesho yake wakarudi kazini. Simu Martin aliichukua mfukoni mwake kabla hawajamfunika.

Nikamuuliza kwa nini hakupiga. Akasema, “Ilikuwa inaita yenyewe, dada. Imeandikwa Mama. Inanyamaza, inaita tena, Mama. Nikaitoa laini nikaitupa mtoni.”

Agnella aliweka laini yake, hakuwa anajua lolote. Alilia kuliko mimi. Simu amenirudishia, picha hazitaingia tena. Kaburini nimefika. Kuna msalaba wa mti, umeandikwa Deus.

Naomba Apolonia anijibu kama wewe huwezi.

Mwanao Febronia


Mbingu, 3 Julai 2023

Marahaba Febronia.

Padri amekuja, tumesali. Watu wa jumuiya wanalala hapa, chakula hakijapungua. Mimi napumua.

Nilijua, mwanangu. Picha ya kwanza ilipoingia nilijua. Evarist asingeoa bila mimi kuwa wa kwanza kuambiwa, hata kama angeiba mke wa mtu. Nilikukataza kwenda kwa sababu kila asubuhi nilikuwa na kitu cha kuniamsha. Nafungua, namkuta yule mtoto yuko sokoni, au anachota maji, nasema haya, mama Evarist, nyanyuka.

Simu ungewaachia.

Fundi anatengeneza msalaba wenye jina lake. Shuka Makambako upande treni, mimi nitapandia Mlimba, tukutane Uchindile. Huyo Martin sijui nitamtazamaje. Lakini yule mwanamke nitakaa naye. Nataka aniambie mtoto anaitwa nani. Muda wote huu namwita mjukuu wangu, na jina lake silijui.

Mama yenu