Viazi vya Mama Ndani ya Mkebe wa Bluu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana nina uongo wa miezi minane ndani ya nyumba na sasa umenifika shingoni.

Mimi ni fundi mstaafu wa kujalidi vitabu, nina miaka sabini na mitatu, na marehemu mke wangu alikuwa na mkono wake kwenye viazi: alivikwaruza nyuzi nyembamba, akavikaanga mpaka vikawa na rangi ya ngozi ya jalada jipya, akavihifadhi kwenye mkebe wa bluu wa biskuti, na kila Jumapili tulivinyunyiza juu ya wali, juu ya maharage, hata juu ya supu, vikivunjika mdomoni kwa mlio. Tulipokimbia kwetu, miaka thelathini na minane iliyopita, tuliacha nyumba, kabati langu la vitabu na makaburi ya wazazi, lakini yeye alikifunga kile chuma cha kukwaruzia ndani ya shuka akaja nacho, na watoto wetu waliozaliwa huku ugenini, kwetu wanakujua kwa ladha hiyo tu.

Alipofariki nilijaribu mwenyewe. Miaka yote hiyo kazi yangu ilikuwa moja: akishamaliza yake ananiita, "Baba watoto, lete hiyo mikono ya karakana," ananipa kitambaa chenye viazi nikamue maji. Basi nikakwaruza, nikakamua, nikatia kwenye mafuta, vikagandana kama gundi yangu ya zamani, nje vimeungua, ndani vibichi. Mara nne hivyo hivyo. Jumapili ya tano nikanunua mfuko kwenye kantini ya mtaa wa pili, mpishi wa pale anavijua, nikamimina ndani ya mkebe wa bluu. Nilitaka tu usikae mtupu mezani. Kitinda mimba wangu akaonja, akaweka kijiko chini, akalia. "Baba, kumbe mkono wa mama haujapotea!" Nikamwongezea kijiko kingine, na tangu hapo kila Jumamosi niko kantini, na mpishi ananitania, "Mzee, viazi vyote hivi unakula au unafuga kuku?"

Sasa binti huyo anahamia mji wa mbali kikazi, na Jumamosi anakuja nimfundishe, eti asiondoke mikono mitupu. Nikikiri, nitakuwa nimemnyang'anya mama yake mara ya pili. Nisipokiri, nitamfundisha nini? Nijifanye mgonjwa?

Mzee wa Mkebe


Mzee wangu, pole kwa msiba, na pole kwa mafuta yaliyoharibika. Ugonjwa wa kujifanya uache. Binti atakuuguza wiki nzima, nawe utakuwa na uongo wa pili wa kulisha.

Hukuanza kwa ubaya, nakubali. Lakini yale machozi yalikuwa na haki ya kuambiwa ukweli. Unaogopa kumnyang'anya mama yake, kumbe unachomfungashia kwa safari ni mkono wa mpishi wa mtaa wa pili.

Na nikukaripie kwa jingine. Kabla hujaitwa kukamua, ulikuwa wapi? Nakisia sebuleni, na kitabu. Gundi unayoilalamikia imo ndani ya kiazi, mzee, ni wanga. Nawe fundi wa gundi hukuiona? Viazi vikishakwaruzwa vinaoshwa, maji yanabadilishwa mpaka uweupe uishe, ndipo vinakamuliwa, vinakaangwa kidogo kidogo, mafuta yakiwa yamepata moto sawasawa. Ulikuwa ukiingia kazini nusu yake imeshafanywa, ukadhani ndiyo mwanzo.

Jumamosi usikanyage kantini. Osha mkebe, ukaushe, uweke mezani wazi. Binti akiuliza, "Baba, viko wapi?" mwambie yote kabla hajamenya kiazi cha kwanza, na usijitetee. Akilia, mwache alie. Akikasirika, usimharakishe kusamehe. Kisha mpe chuma cha mama yake, akwaruze yeye, aoshe yeye. Vikigandana, mtavila hivyo hivyo na mtarudia Jumapili.

Wewe kaa pale ulipozoea kukaa, bila kitabu safari hii. Akikuita ulete hiyo mikono, nenda. Kukamua unakujua, ulifundishwa na mama yake, na hilo hakuna mpishi wa kantini anayeweza kumpa.