Maskati Si Safari ya Siku Mbili

Tunduma, Jumapili, mwezi wa saba. Mwaka mmoja na nusu tangu nitoke Masasi.

Mke wangu Mama Salma,

Unakumbuka asubuhi ile tulipoagana uwanja wa ndege Dar, unakwenda kazi za ndani Maskati? Ulivaa baibui jipya, ukanicheka mbele za watu. "Baba Salma, wewe na basi lako la Tunduma! Mimi nitakuwa nimeshakunywa chai ya Waarabu, wewe bado unakula vumbi." Ikawa hivyo. Ndege yako iliruka alfajiri, mimi nikapanda basi. Tunaanza kupanda mlima Kitonga, simu ikalia: "Nimefika Maskati, joto kama tanuri!"

Sasa niambie, safari ile imerefuka lini?

Mama yako alipofariki ulisema, "Ni mbali mno, safari ya siku mbili, nisingewahi mazishi." Nikakubali, maiti haingoji. Lakini arobaini je? Mimi niliacha kupakua malori, nikalala njiani, nikafika Masasi miguu imevimba, nikakaa kwenye khitma. Mama yako mdogo, huyo tuliyemwachia Salma, akasema kwa sauti: "Mkwe wa basi kaja, binti wa ndege kashindwa!" Watu wakacheka. Salma akaniuliza, "Baba, mama ametukasirikia?"

Niliporudi hapa nikamuuliza wakala mmoja wa forodha aliyewahi kwenda huko. Akasema, "Dar mpaka Maskati ni kilomita karibu elfu nne, lakini saa tano, sita, umetua. Wewe hapa ndiye uliye mbali na Dar, si mkeo."

Nisikufiche, nilikuwaza vibaya. Madereva nawasikia kila siku. Lori limesimama, mke anapiga simu, dereva anajibu, "Bado niko kwenye foleni." Mmoja kweli yuko kwenye foleni. Mwingine yuko gesti na mwanamke. Mwingine tajiri wake kamchukulia pasipoti, amekwama, anaona aibu kusema. Wote husema foleni. Mimi nilikuweka kwenye kundi la gesti. Na yule anayekohoa nyuma yako kila Ijumaa ukipiga, nikampa mpaka sura. Ulisema ni televisheni. Televisheni gani inakohoa, Mama Salma?

Wiki iliyopita nikakutega. Nikakwambia nauza kiwanja chetu. Ukajibu, "Sawa mume wangu, unavyoona." Wewe? Wewe uliyenitoa nje mvua inanyesha kwa sababu niliuza mbuzi bila kukuuliza? Mwanamke aliyepata mwingine angenitukana na kukata simu. Aliyenijibu vile ni mtu anayechungwa na huyo anayekohoa.

Barua hii anakuletea binti anayekuja kuanza kazi huko, ndiyo maana nasema wazi. Ijumaa ukipiga nitataja tena kiwanja. Kama pasipoti wanayo matajiri wako, sema "sawa" mara mbili, nami nitakwenda Dar kugonga kila mlango unaohusika. Kama ni mwanaume, nitukane tu, nitaelewa. Nikisali sijui niombe lipi kati ya hayo.

Jibu lolote likija, mwezi wa tisa natoka Tunduma kurudi Masasi, niwahi msimu wa korosho. Nitamchukua Salma tukae nyumbani kwetu.

Mumeo,
Baba Salma