Mifumo Miwili Uwanjani

Jumatatu, 9 Juni 2025
Tovuti ya kikundi chetu cha wakulima imenitoa machozi leo. Bado ina picha ya Mama Bernadina, aliyekuwa mwenyekiti, na namba yake ya simu. Huu mwaka wa pili tangu tumzike! Mfanyabiashara wa Geita anayetaka mchele anapiga, haipatikani, ananunua kwingine. Paswedi anayo fundi aliyeitengeneza, naye hajulikani aliko.

Natengeneza mpya. Kwa mfumo gani lakini? Mwezi ujao naanza kazi Geita. Nikichagua vibaya, hii nayo itakufa nikiondoka Didia.

Jumatano, 11 Juni
WordPress. Nimeamua! Bernadina, binti wa marehemu na katibu wetu, ataweza kuiendesha kwa simu yake.

Ila Eustace, mtengeneza tovuti mwenzangu, kaja kutoka Geita na mfumo aliouandika mwenyewe. Maridadi mno! Picha za majaruba zinateleza zenyewe, rangi zimetulia. Wivu umenikaba, nisijidanganye. Nikamuuliza nani atakuwa anabadilisha bei. Eti tumpigie yeye tu, dakika mbili kazi imeisha.

Alhamisi, 12 Juni
Kikao kimegawanyika. Mzee Maduhu, mweka hazina na mpiga ngoma wa zamani, akatuchekea: kwani kwenye mbina, ngoma zetu za mashindano, mshindi hupatikanaje? Makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, penye watu wengi ndipo penye ushindi. Basi na mifumo ishindane hivyo hivyo! Jumamosi, uwanja wa ghala.

Wazo la kichaa. Nilikubali kabla hajamaliza.

Ijumaa, 13 Juni
Umeme umekatika. Nimepeleka laptopu kwa kinyozi mwenye sola — nikamkuta Eustace kwenye foleni! Tumecheka hadi basi.

Jumamosi, 14 Juni
Naandika nikiwa uwanjani. Meza yangu iko upande wa ghala, ya Eustace upande wa barabara. Sote tumenakili yaliyokuwa kwenye tovuti ya zamani, picha na namba ya marehemu zikiwemo. Tulianza pamoja. Watu wote kwake. Wote! Hata mama yangu mzazi. Maduhu akanitania kwamba ngoma yangu haijawambwa ngozi.

Kisha Bernadina akamwomba Eustace amwonyeshe jinsi ya kuitoa namba ya mama yake. Eustace akasema asihangaike, atamfanyia yeye akirudi Geita. Bernadina akavuka uwanja peke yake, akaketi kwangu, simu mkononi.

Nilimwelekeza kwa mdomo tu. Namba akaifuta, akaweka yake. Picha hakuifuta. Aliishusha chini, akaandika: Huyu ndiye aliyetuanzishia. Nililia mbele za watu, sijali.

Wakaanza kuja, mmoja mmoja. Mama naye, anajifanya anafuata kivuli.

Nikamwambia Bernadina abadilishe paswedi. Amenigeuzia mgongo nisione!

Maduhu hajatangaza mshindi. Wengine bado wako kwa Eustace, wanatazama picha zinavyoteleza. Wapo wanaokwenda na kurudi. Bernadina ameshapandisha picha ya mchele wa msimu huu — imelala ubavu. Vidole vinaniwasha niinyooshe. Nimejaribu kuingia, imenikataa. Nikamwita.

Hata hajainua kichwa. "Subiri kwanza, Aneth. Naweka bei."