Mwanamke wa Kando ya Bomba

Wifi yangu wa moyoni,

Sisi wazima, Mungu anatutunza, na yule kuku wako mweupe ameatamia tena. Kaka yako bado anachonga. Mwalimu mmoja mstaafu amemwagiza amchongee mwanamke wa jiwe, aliyeinama kando ya bomba la bustani. Wajua desturi yake: kwanza hushinda palepale bustanini kutwa nzima aone kivuli kinapita wapi, ndipo ashike patasi. Safari hii alinichukua nimwambie mimi kivuli kimefika wapi.

Hapo ndipo nilipojua, wifi. Macho yake yamekwenda, haoni tena. Amekataza usiambiwe, kwa hiyo hapa hujasoma kitu.

Tuliporudi akasema, "Mama watoto, kaa nikupapase uso."

"Miaka thelathini unanichonga, hujanijua tu?"

Akacheka. Akawa ananipapasa mimi, kisha jiwe, mwezi mzima.

Jana tulimsimamisha huyo mwanamke wa jiwe bustanini. Wifi, kwenye sanamu zake katika bustani zote za watu mimi bado ni bi harusi. Huyu ana mikunjo yangu yote, hata shavu lililobonyea nilipong'olewa magego! Nikamfokea, "Mbona umenizeesha?"

Akasema taratibu, "Kumbe ndivyo ulivyo. Miaka yote nilikuwa nakutazama tu."

Nililia, nikamshukuru Mungu palepale penye bomba.

Njoo ukae naye, wifi. Na usihangaike na poda. Vidole vyake havidanganyiki.

Akupendaye na kukuombea kila alfajiri,
Wifi yako, wa jiwe na wa nyama