Moja Simama, Mbili Twende

Jumatatu, 4 Agosti
Nimefungua duka mapema. Ndoo nje, mabeseni juu ya ndoo, majagi yananing'inia. Mama Chausiku, jirani yangu anayepika chakula pale kwenye kona ya duka, kachelewa kuwasha jiko. Sijanywa chai.

Somoe ameanza shule ya udereva. Kumi na nane kaitimiza juzijuzi, kidato cha sita kamaliza, anasubiri chuo. Baba yake kamwambia macho yake yanakwisha, kwa hiyo kirikuu ni cha mtoto sasa. Kigari hicho ndicho kinachotoa mzigo wetu stoo Msimbazi na kuuleta dukani. Kikisimama, na sisi tumesimama. Sikuulizwa. Ningeulizwa ningekataa.

Leo kila nikisikia honi nainuka kuchungulia. Kwa honi za Kariakoo, sikukaa kitako.

Alhamisi, 7 Agosti
Baba Somoe anamfundisha kurudi nyuma kwenye kichochoro cha duka. Kabla hajanioa alikuwa konda, na ukonda haujamtoka. Anasimama nyuma ya gari, kiganja kwenye bodi. Kofi moja, simama. Makofi mawili, twende. Somoe amezaliwa kaikuta lugha hiyo. Wanaelewana bila neno.

Niliwatazama kutoka mlangoni nikaona wivu. Na hofu. Zaidi hofu.

Jumapili, 10 Agosti
Sitapanda tena.

Somoe aliendesha kutoka nyumbani Magomeni mpaka dukani. Baba yake mbele, pembeni yake. Mimi nyuma, katikati ya maboksi, mtandio nimeung'ata. Pale Jangwani bodaboda ilimchomekea, akaikwepa, akaingia njia ya mwendokasi. Basi linakuja. Mimi ndiye niliyeliona, kwa kuwa nilikaa nikitazama nyuma. Dereva alipiga honi ndefu. Somoe akarudi njia yake. Nilianza Ayatul Kursi nikafika katikati, iliyobaki ikanipotea. Naijua tangu utotoni.

Tulipofika nikamwambia mwenda pole hajikwai. Akasema hapa mjini ukienda pole unagongwa nyuma. Baba yake akacheka. Nilitamani kuwapiga wote wawili kwa beseni.



Jumatano, 13 Agosti
Mwalimu wake wa udereva anamsifu. Ana mkono mwepesi, anasema.

Nimeota ndoto mbaya. Ndoto mbaya haisimuliwi, hata hapa siiandiki.

Jumamosi, 16 Agosti
Nisipoandika sitalala.

Baba Somoe alikwenda kuswali adhuhuri, kaacha kirikuu kimeziba kichochoro. Wenye maguta, zile baiskeli za mizigo za magurudumu matatu, wakaanza kufoka wapishwe watoe mizigo yao. Mmoja akanitukania mama yangu. Nikamwambia Somoe akisogeze nyuma kidogo tu, nitamwangalizia mimi. Akaniuliza kama nitaweza. Nikamwambia asinichezee, nimemzaa.

Akaanza kurudi taratibu. Mimi nyuma, upande wa kushoto. Nikageuka, nikamwona Mama Chausiku kainama anapuliza moto, mgongo kwetu, maguta yanapiga kelele, hasikii kitu. Nikapiga bodi. Kwa nguvu zangu zote. Pa, pa.

Gari likaongeza mwendo.

Sufuria la maharage lilipinduka. Mama Chausiku aliruka, lakini mguu mmoja haukuwahi. Gari likasimama juu ya kigoda alichokuwa amekalia dakika chache kabla. Watu wakaja na dawa ya meno wampake. Niliwafukuza nikammiminia maji, ndoo kwa ndoo, mpaka walipompakia kwenye bajaji kumpeleka zahanati.

Kichochoro kizima kikamgeukia mwanangu. Mtoto wa kike na gari wapi na wapi. Kapewa usukani kama kapewa pipi. Baba yake akarudi na msala mkononi, akauliza nani alikuwa anaangalizia. Nilifungua mdomo. Somoe akaniwahi.

"Nilikosea mimi, baba. Nilikanyaga mafuta badala ya breki."

Baba yake akanyoosha mkono, akapewa funguo. Nami nikanyamaza. Sijui kwa nini nilinyamaza. Najua. Niliogopa.

Jumapili, 17 Agosti
Mguu umeungua kwenye kifundo. Daktari kasema utapona, ila asisimame siku kadhaa. Asiposimama hapiki. Nimempelekea uji. Kanishukuru, akasema Somoe asilaumiwe sana, ni mtoto. Nikachukua bakuli kabla hajamaliza uji, nikaondoka.

Baba Somoe katangaza kuwa atatafuta dereva. Shule ya udereva basi. Somoe hakubisha. Kakaa uani anasugua sufuria la Mama Chausiku lililoungua, anasugua mahali palepale.

Nikamfuata. Nikamuuliza kwa nini alisema uongo. Hakuinua uso.

"Ulipiga mbili, mama. Nimeshaachia klachi ndipo nikakumbuka ni wewe, si baba."

Nikamuuliza tena kwa nini. Akasema mimi na Mama Chausiku tunashinda mlango kwa mlango. Yeye akikosana naye ataondoka aende chuo. Mimi nitabaki naye hapo.

Siku zote hizi naogopa mtoto huyu hajui kuangalia nyuma.

Jumatatu, 18 Agosti
Nilianza kwa Mama Chausiku. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, nikikaa ningelia. Aliutazama mguu wake, akanitazama mimi. Akasema angekuwa na mwiko karibu angenipiga nao. Kisha akaniuliza nani atamwashia jiko kesho. Nikasema mimi. Akasema nisitie chumvi nyingi, ananijua.

Jioni nikamwambia Baba Somoe. Nilitegemea atafoka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mke wa konda. Miaka yote hii, hujui mbili ni twende?"

Nikamwambia nilikuwa naogopa, na mtu anayeogopa hahesabu. Hakucheka. Alikwenda chumbani kwa Somoe, akabisha hodi kwanza, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Sikusikia walichoongea.

Ijumaa, 22 Agosti
Wali wangu umeungua chini. Wateja wa Mama Chausiku wamekula, wamenuna.

Jioni Baba Somoe alinisimamisha nyuma ya gari likiwa limezimwa. Piga moja. Piga moja tena. Kama mwanafunzi. Wenye maguta walinicheka nikawaacha wacheke. Mama Chausiku kakaa kwenye kigoda kipya, mguu juu ya ndoo yangu, anatoa maelekezo ambayo hakuna aliyemwomba.

Jumamosi, 30 Agosti
Asubuhi tulivu. Mzigo upo Msimbazi, unasubiri.

Somoe kwenye usukani, baba yake pembeni, funguo mahali pake. Akanitazama kwenye kioo. Nilimwelekeza atoke. Mama Chausiku alikuwa wima, mbali na gari, mwiko mkononi. Guta likakatiza ghafla. Nikapiga moja. Gari likasimama palepale, kabla hata sijautoa mkono.

Guta likapita. Nikaangalia kushoto, nikaangalia kulia, nikaangalia tena kushoto. Njia ilikuwa nyeupe. Bado sikutaka.

Nikapiga mbili.

Walipokata kona nilirudi dukani nikapanga ndoo. Kiganja kiliwasha mpaka mchana.